Beijing, Shanghai, Guangzhou au Chongqing: uende wapi na kamera yako?

Maonyesho ya biashara ya Guangzhou yanapokaribia, masika na vuli, simu yangu huanza kuingiza swali lile lile. Mtu ameshapata viza, shughuli zake za mzigo zitamchukua siku nne au tano, na baada ya hapo amebakiwa na siku za kwake. Ana kamera, au simu inayopiga vizuri. Minara ya vioo haimvutii sana. Anataka watu: mzee na kigoda chake mlangoni, mama anayeanika nguo, fundi cherehani chini ya ngazi. Anauliza aende mji gani.

Nami humjibu kwa swali: baraza la mtaa liko wapi? Sisi tuliokulia Tanga, Mombasa au Unguja tunajua kwamba maisha ya mtaa hayako chumbani. Yako barazani, pale bao linapochezwa, kahawa inapopita na habari ya msiba inapofika kabla ya simu. Mpiga picha akishajua baraza lilipo, nusu ya kazi imekwisha. Miji hii minne kila mmoja una baraza lake, na yamekaa mahali tofauti kabisa. La Beijing liko mlangoni. La Shanghai lilikuwa ndani ya kichochoro. La Guangzhou liko chini ya ghorofa, kandokando ya barabara. La Chongqing liko kwenye ngazi. Nimesema la Shanghai "lilikuwa" kwa makusudi, na sababu nitaieleza.

Beijing

Vichochoro vya Beijing huitwa hutong. Historia yake inarudi karne ya 13, Kublai Khan alipojenga mji wake wa Dadu mahali hapo, na wataalamu wengi wa lugha huliona neno lenyewe kuwa la Kimongolia, lenye uhusiano na kisima. Pembeni mwa hutong kuna siheyuan, nyumba za ua: majengo pande nne, ua katikati, na jengo kuu likitazama kusini ili lipate jua wakati wa baridi. Ukiwa nje huoni chochote ila ukuta wa kijivu na mlango. Kwa mtu wa pwani hili si geni, maana nyumba zetu za kale nazo hubana siri zao nyuma ya mlango wa nakshi.

Kwa kuwa nyumba zinatazama kusini, hutong nyingi zimenyooka kutoka mashariki kwenda magharibi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulijua. Mwezi wa Machi na wa Septemba, jua likichomoza au likizama, mwanga hupita ndani ya kichochoro kutoka mwanzo hadi mwisho kama maji mferejini. Baiskeli inakujia kutoka kwenye mwanga, na kivuli chake kinakufikia kabla yake. Hali hiyo hudumu dakika ishirini hivi, halafu imekwisha. Ikifika saa sita mchana ule ukuta wa kijivu umepoa, hauna sura. Nenda ukale.

Wageni wengi hupelekwa Nanluoguxiang, barabara yenye vichochoro vinane kila upande. Yenyewe imegeuka soko la vitafunio, na picha utakayoipata hapo ni ya migongo ya wageni wenzako. Mimi huenda sehemu mbili. Ya kwanza ni Dongsi, ambako vichochoro vimepewa namba, Santiao hadi Batiao, yaani cha tatu hadi cha nane. Kuna miti, kuna kivuli, na asubuhi unasikia redio ya mtu akinyoa ndevu. Ya pili ni Baitasi, upande wa magharibi wa mji wa kale. Huko mnara mweupe wa hekalu, kazi ya fundi wa Kinepali aliyeitwa Araniko, unachungulia juu ya mapaa kila unapokata kona. Mnara ule hukupa picha na pia hukuonyesha njia, kwa sababu ndani ya vichochoro vile kupotea ni rahisi sana.

Kwa nini watu wa hutong wanakaa mlangoni? Kwa sababu ndani hakuna nafasi. Baada ya 1949 nyumba nyingi zilizokuwa za familia moja ziligawiwa familia kadhaa. Kisha tetemeko la Tangshan la 1976 liliwatia watu hofu, wakajenga vibanda vya kujihifadhi katikati ya ua. Tetemeko likapita, vibanda vikabaki, vikawa majiko na stoo. Ua ukajaa, maisha yakahamia nje. Ndiyo maana utaona sataranji ya Kichina ikipigwa kwa kishindo kando ya njia, na ndege tunduni akiwa ametundikwa kwenye tawi ili apunge upepo pamoja na mwenye naye. Nyumba nyingi hazina choo chao, kwa hiyo asubuhi utakutana na mtu kavaa koti zito juu ya nguo za kulalia, anakwenda kwenye choo cha mtaa. Mwache apite. Ile si picha yako.

Ugumu wa Beijing ni kwamba watu wake wamechoka na kamera. Milango mingi ina kibao kinachosema hapa ni makazi ya watu, usiingie. Kule Dongsi palikuwa na mzee aliyetengeneza baiskeli kwenye pembe ya kichochoro. Siku ya kwanza nilimwonyesha kamera, akapunga mkono kwamba hapana, nikaondoka. Siku ya pili nilipita mikono mitupu, nikamwamkia kwa "daye", neno wanalomwitia mzee wa makamo ya babu. Siku ya tatu alisogeza kigoda cha pili kwa mguu wake bila kuniangalia. Nilikaa saa nzima kabla ya kufungua kamera. Picha ile ninayo hadi leo: mikono imejaa grisi, mnyororo wa baiskeli umening'inia kama tasbihi. Mjerumani Hedda Morrison, aliyeishi Beijing kuanzia 1933 hadi 1946 na kuzunguka mitaa yake kwa baiskeli, aliwapiga picha mafundi na wachuuzi kwa subira ya namna hiyo, na bado ukiziangalia picha zake unaona watu ambao hawakushtuliwa.

Niongeze Niujie, mtaa wa Waislamu kusini-magharibi mwa mji wa kale. Majengo mengi ya pale sasa ni ya ghorofa, kwa hiyo usitarajie vichochoro. Lakini msikiti wake ulianzishwa mwaka 996, umejengwa kwa mapaa ya Kichina, na foleni za kununua nyama ya kondoo na keki za mchele wa kunata huanza mapema. Salamu yako ya "Assalamu alaykum" itafungua nyuso ambazo Kichina chako kibovu kisingezifungua. Wazee wa kofia nyeupe walinishika mkono wakaniuliza natoka wapi, na wao ndio walionitaka nipige picha.

Shanghai

Nianze na uzuri wake. Mitaa ya Shanghai ya kale huitwa lilong, na nyumba zake shikumen, kwa sababu ya mlango wenye fremu ya jiwe. Vita vya Taiping, miaka ya 1850 na 1860, viliwafukuza watu mashambani na miji ya jirani wakakimbilia maeneo yaliyokuwa chini ya wageni. Wenye mitaji wakaanza kuwajengea nyumba za kupanga kwa safu, za Kizungu kwa mpangilio na za Kichina kwa ua mdogo wa mbele. Kila lilong ina lango barabarani, kichochoro kikuu, na vichochoro vidogo vinavyochipuka pembeni. Baadaye nyumba ya familia moja ikabeba familia tano au zaidi. Jiko likawa la wote, kila mtu na taa yake na swichi yake. Juu ya jiko kuna kachumba kanakoitwa tingzijian, kanakotazama kaskazini, baridi kali wakati wa baridi na moto wakati wa joto. Nguo zilianikwa kwenye mianzi iliyochomoza madirishani. Watu walitoka hadi dukani wamevaa pajama, hata wakuu wa jiji wakajaribu kuwashawishi waache kabla ya maonyesho ya dunia ya 2010. Kichochoro kilikuwa sebule. Kwa mpiga picha hapakuwa na mahali bora China nzima.

Sasa kwa nini nasema "lilikuwa". Kufikia 2022 jiji lilitangaza kwamba kazi ya kuwahamisha watu kutoka kwenye maeneo makubwa ya nyumba kongwe katikati ya jiji imekamilika. Wakazi wengi walifurahi, na lazima hili lisemwe wazi: mtu aliyemwaga ndoo ya choo kila asubuhi kwa miaka arobaini hana deni kwa kamera ya mtu yeyote. Lakini kwa anayetaka kuchagua mji wa kwenda, ukweli ni huo. Nilirudi Laoximen, karibu na lango la magharibi la mji wa kale, kutafuta kichochoro nilichokipiga picha miaka michache nyuma. Milango ilikuwa imezibwa kwa matofali, mmoja baada ya mwingine. Kwenye ukuta palibaki msumari na kalenda.

Kilichobaki ni cha aina mbili. Kuna mitaa iliyohifadhi kuta na kuondoa watu: Xintiandi iliyofunguliwa 2001, na Zhangyuan iliyoanza kupokea wageni tena mwishoni mwa 2022. Ni mizuri kwa macho, lakini anayekaa kwenye kibaraza ni mteja wa mkahawa. Tianzifang ina maduka chini na wakazi wachache juu. Na kuna lilong chache ambazo bado zinaishi, kama Bugaoli ya mwaka 1930, yenye matofali mekundu na vibao vya kuomba utulivu. Ukienda, nenda asubuhi na ukae dakika chache tu.

Shanghai ya leo ni mji wa umati. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alilinasa hilo Desemba 1948, watu walipobanana nje ya benki wakitaka kubadilisha fedha zilizopoteza thamani wapate dhahabu; ile picha ni miili tu, mikono na vifua, kama kamba iliyosokotwa. Tafuta umati wa sasa: wanaofanya mazoezi alfajiri kwenye ukingo wa mto, Bund, na bustani ya Uwanja wa Watu mwishoni mwa wiki, ambako wazazi hufungua miavuli na kubandika karatasi zenye umri, kimo na kazi ya kijana wao anayetafutiwa mchumba. Hapo tahadhari. Wazazi wale hawapendi kupigwa picha, na wana haki. Piga miavuli, acha nyuso.

Guangzhou

Kwa wengi wetu Guangzhou ndio mlango wa kuingilia China, na kwa sababu hiyo tunaidharau. Mtu anashuka, analala Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, anakwenda sokoni, anarudi Xiaobei, anapanda ndege. Anaporudi nyumbani anasema Guangzhou haina kitu. Ametembea wiki nzima akiwa umbali wa vituo vichache vya metro kutoka kwenye mojawapo ya mitaa yenye uhai zaidi China.

Mtaa huo ni Xiguan, katika wilaya ya Liwan. Jambo la kwanza utakaloliona ni qilou: nyumba za ghorofa ambazo sehemu ya juu imetokeza mbele ikasimama juu ya nguzo, chini yake watu wanapita. Nyingi zilijengwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Zimetokana na hali ya hewa, maana mvua ya Guangzhou haina adabu na jua lake halina huruma. Kwa mpiga picha hii ni zawadi. Mvua ikinyesha Beijing kazi imekufa, kila mtu kaingia ndani. Mvua ikinyesha kwenye Barabara ya Enning au Shangxiajiu, mtaa mzima unajibana chini ya qilou: muuza matunda, mwanafunzi, bibi na toroli lake la mboga, paka. Nyuma yao barabara inang'aa. Unasimama pamoja nao, lenzi ya milimita 28 inatosha, na hakuna anayekuuliza unafanya nini kwa sababu wote mnafanya jambo moja, mnasubiri.

Ukiacha barabara na kuingia vichochoroni utakanyaga mawe ya matale, na utaona milango ya tanglong. Ni vyuma? Hapana, ni miti: magogo membamba ya mviringo yaliyolazwa, hesabu yake huwa witiri, yanayosukumwa pembeni kama droo. Mlango wa mbao ukiachwa wazi na tanglong ikafungwa, upepo unaingia, mwizi haingii, na anayepita anaona ndani kwa vipande: taa nyekundu ya madhabahu, mguu wa mtu aliyelala, feni. Nimepiga milango ile mara nyingi kuliko kitu chochote China. Lakini mlango unaoonyesha ndani haumaanishi umealikwa, kwa hiyo hugonga mti kwanza, nainua kamera kidogo na kusubiri jibu. Wengi hucheka. Wakikataa, nashukuru kwa Kikantoni, "m goi", napita.

Yongqingfang, sehemu ya Enning iliyokarabatiwa kuanzia 2016, ni safi na ina wageni wengi. Nyumba ya ukoo wa Bruce Lee iko eneo hilo. Pita mara moja, halafu endelea hadi soko la Qingping, ambako mapipa na magunia yamejaa dawa za asili zilizokaushwa, mizizi, magome, samaki-farasi, uyoga. Rangi zake ni za udongo na harufu yake inakukaa kwenye nguo. Wachuuzi wana shughuli, hawana muda wa kukutazama, na hapo ndipo utakapojifunza kupiga picha ya kazi.

Asubuhi ni ya chai. Wakantoni huenda kwenye nyumba za chai mapema, wazee hasa, na kikombe kimoja hukaa saa mbili huku vikapu vidogo vya vitafunio vya mvuke vikiletwa. Muulize mhudumu kabla, agiza, kula, kisha ndipo upige. Kama unakula halali, chunga, maana nguruwe yumo karibu katika kila kikapu. Karibu na msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China na ambao masimulizi huuhusisha na sahaba Sa'd ibn Abi Waqqas, utapata tambi za kuvutwa kwa mkono za Waislamu wa kaskazini-magharibi.

Na Xiaobei yenyewe? Najua utashawishika. Ni mtaa ambao utasikia Kiswahili, Kifaransa, Kiarabu na Kihausa kwenye daraja moja la waendao kwa miguu. Mtu mweusi mwenye kamera mjini Beijing ni kivutio, yeye ndiye anayepigwa picha. Xiaobei hakuna anayegeuka. Lakini watu wetu pale wana sababu zao za kukwepa kamera. Wengine wana mambo ya viza, wengine biashara, wengine wamechoshwa na waandishi wanaokuja kuwapiga kama ajabu. Kaa, kula ugali au wali, jitambulishe kwa jina na kwa kwenu. Ukipata ruhusa ya mtu mmoja, mpige huyo mmoja vizuri.

Chongqing

Mji huu umekaa juu ya vilima mahali mto Jialing unapoingia Yangtze, na ardhi tambarare ni haba. Unaingia kwenye jengo ghorofa ya kwanza, unapanda, unatokea ghorofa ya kumi na kukuta barabara nyingine. Jengo la makazi la Baixiangju lina ghorofa 24 bila lifti, kwa kuwa lina milango ya kutokea nje kwenye ghorofa ya 1, ya 10 na ya 15. Kituo cha Liziba kiko ghorofa ya 6 hadi ya 8 ya jengo ambalo juu yake watu wanaishi, na treni inapita katikati. Wageni hujipanga chini wakifungua vinywa ili ionekane wanameza treni. Waachie hiyo.

Picha za Chongqing ziko kwenye ngazi. Kinyozi ametundika kioo kwenye ukuta wa mawe, meza ya mahjong imewekwa kwenye sehemu tambarare kati ya ngazi na ngazi, pilipili zimeanikwa kwenye reli. Bado utawaona mabangbang, mahamali wa mti wa mianzi na kamba mbili, hasa asubuhi karibu na masoko ya jumla ya Chaotianmen. Wamepungua sana, kwa kuwa barabara, lifti na pikipiki za kupeleka mizigo zimechukua kazi yao, na waliobaki wengi ni wazee. Mimi hununua chupa mbili za maji, moja yake, ndipo naomba.

Mtaa maarufu wa Shibati, ngazi kumi na nane, ulibomolewa na kufunguliwa upya 2021 kama eneo la wageni. Umependeza na umekufa. Badala yake fuata njia za miguu za mlimani, shuka na kupanda bila ramani. Chumba cha chai cha Jiaotong kule Huangjueping bado kina moshi, viti vya mbao na wazee wa karata, ila siku hizi wapiga picha huwa wengi karibu sawa na wanywaji. Nenda siku ya kazi, mapema, ulipie chai yako. Chukua lenzi ndefu kidogo, milimita 50 hadi 85, kwa sababu uzuri wa mji huu ni tabaka juu ya tabaka: mama anakata mboga, juu ya kichwa chake daraja, juu ya daraja treni, juu ya treni ukungu.

Magoti yako yawe mazima. Nasema hivyo kwa dhati. Niliwahi kumpeleka kaka yangu mwenye maumivu ya mgongo, na siku ya pili hakuweza kutoka hotelini.

Hali ya hewa, chakula na nauli

Beijing ni Septemba na Oktoba. Baridi yake ni kavu na ya kuchoma, betri huisha nusu ya muda wake, weka moja mfuko wa ndani karibu na mwili. Shanghai epuka Juni na mwanzo wa Julai, mvua za meiyu hazikomi. Guangzhou ni nzuri Oktoba hadi Desemba. Masika unyevu wake hutoa jasho kwenye kuta na ukungu kwenye lenzi. Chongqing Julai na Agosti hupita nyuzi 40, na wakati wa baridi jua ni nadra, mwanga ni laini siku nzima na rangi zinatulia.

Kwa halali, Beijing inaongoza, Guangzhou inafuata, Shanghai inawezekana, Chongqing utategemea tambi za Waislamu na matunda. Metro haitakusumbua mfuko popote: nauli huanzia yuani 2 Guangzhou na 3 Beijing na Shanghai. Kutoka Guangzhou hadi Beijing ni kama kilomita 2,300, treni ya kasi huchukua takriban saa nane, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaona miji yote minne kwa wiki moja.

Ruhusa na sheria

Wengi bado wanaamini kwamba ukiwa barabarani China unaweza kupiga na kuchapisha sura ya mtu yeyote mradi huuzi picha. Zamani sheria ililenga matumizi ya faida. Kanuni ya Sheria za Kiraia iliyoanza kutumika 1 Januari 2021 imebadilisha hilo: kutengeneza, kutumia au kutangaza sura ya mtu kunahitaji ridhaa yake, hata kama huna faida, isipokuwa katika hali zilizotajwa, mojawapo ikiwa picha ya mazingira ya umma ambamo mtu ameingia bila kuepukika. Kwa hiyo mtaa wenye watu ndani yake ni jambo moja, na uso wa mtu mmoja uliojaza fremu ni jambo jingine. Polisi, askari na majengo yao usiguse kabisa.

Jifunze "keyi pai ma?", naweza kupiga? Na jifunze kusikia "bu yao pai", usipige. Mwite mwanamke wa makamo "ayi", ambalo kwa maana ni mama mdogo. Chongqing watafurahi zaidi ukisema "niangniang". Mchina, kama Mswahili, husikia kwanza umemweka wapi katika ukoo, ndipo asikie unachotaka.

Basi uchague nini

Kama una wiki nzima na ni vuli, na una moyo wa kurudi kona moja mara tano, nenda Beijing, lala karibu na Dongsi, usihame. Kama wewe unapenda maumbo na mistari, una miguu na huogopi kupotea, Chongqing itakupa picha ambazo hazifanani na za mtu mwingine. Shanghai nenda kama una sababu nyingine ya kuwa kule. Kwenda kwa ajili ya vichochoro pekee, miaka hii, nisingekushauri.

Na kama uko Guangzhou tayari kwa ajili ya mzigo na umebakiwa na siku nne, usinunue tiketi ya kwenda popote. Siku ya kwanza shuka Liwan saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kunywa chai, tembea Enning hadi jua liwe kali, rudi ulale. Jioni tembea tena njia ile ile. Siku ya pili Qingping na vichochoro vya nyuma, mlango kwa mlango, ukisalimu zaidi kuliko kupiga. Jioni hiyo tafuta duka la kuchapisha picha, yako mengi na bei yake ni ndogo, chapa kumi. Siku ya tatu rudi kwa wale uliowapiga uwape. Usitoe kamera mpaka wamemaliza kuziangalia na kuwaita majirani. Mimi nilipompa bibi mmoja niliyempiga picha kwenye mlango wake wa tanglong picha yake, aliitazama muda mrefu, akaingia ndani, akarudi na miwani, kisha na mumewe, kisha na shati safi la mumewe. Siku ya nne nilipiga picha yao wote wawili, mlango ukiwa wazi.